Uyoga wa mvua nyuma ya nyumba: Ufurahie, lakini hesabu saa

Msomaji wangu, mvua zikishakolea mkoani Songwe, kati ya Novemba na Aprili, hata mtu aliyefunikwa macho anaweza kujua msimu umebadilika. Harufu ya udongo inamwambia. Na kama unaishi Mbangala, kata ya Wilaya ya Songwe iliyo upande wa bonde la Ziwa Rukwa, na nyumba yako imepakana na miombo, huna haja ya kwenda mbali kuiona neema hiyo. Mvua inanyesha usiku, asubuhi unafungua mlango wa nyuma, na chini ya miti ile ile uliyoizoea pamechomoza vitu ambavyo jana havikuwepo. Kuna uyoga mweupe wenye kofia pana, wa njano uliojikunja kama tarumbeta, mwingine mdogo umejazana kwenye gogo lililooza.

Wiki hii nataka tuzungumze kuhusu furaha hiyo, kwa sababu ni furaha yenye afya ndani yake. Sipendi madaktari tuwe watu wa kukataza kila kitu kitamu. Lakini kuna jambo moja ambalo nataka ubaki nalo kichwani hata ukisahau mengine yote utakayosoma hapa: uyoga unaoua mara nyingi hauumizi tumbo mara moja. Hukaa kimya kwa muda wa saa sita au zaidi, na ukimya huo ndio unaowaponza wengi. Tutafika huko. Kwanza tuanze na mvua yenyewe.

Harufu ya mvua na utulivu wa akili

Ile harufu inayopanda udongo unapolowa baada ya kiangazi ina maelezo yake. Mwaka 1964 watafiti wawili wa Australia, Isabel Joy Bear na Richard Thomas, waliipa jina la kisayansi baada ya kuchunguza inatoka wapi. Sehemu yake kubwa ni kemikali iitwayo geosmini, inayotengenezwa na bakteria wa udongoni wa jamii ya Streptomyces. Matone ya mvua yakipiga ardhi huirusha hewani, na pua ya binadamu huinasa hata ikiwa kidogo mno.

Bakteria wa jamii hiyo tuna deni kubwa kwao. Streptomaisini, dawa ya kwanza ya sindano iliyofanikiwa kutibu kifua kikuu, ilipatikana kwao mwaka 1943, Marekani. Kwa hiyo unapovuta pumzi barazani ukasema "mvua imenukia", unanusa kazi ya viumbe waliookoa mamilioni ya watu.

Kuwa karibu na miti nako kuna faida inayopimika. Mwaka 2019 watafiti wa Uingereza walichapisha matokeo ya kuwahoji watu karibu 20,000. Waliotumia angalau dakika 120 kwa wiki kwenye mazingira ya asili, yaani bustani, misitu au kando ya maji, walieleza kuwa na afya njema na kuridhika na maisha kuliko wasiotoka kabisa. Haikujalisha kama dakika hizo zilikuwa za siku moja au ziligawanywa. Utafiti wa namna hiyo hauthibitishi kwamba miti peke yake ndiyo iliyowapa afya, maana mwenye afya naye hutoka zaidi. Hata hivyo, dakika 120 ni kama robo saa tu kwa siku, na hazina gharama.

Mgonjwa wangu mwenye shinikizo la damu au asiyepata usingizi kwa mawazo nikimwandikia dawa, humwambia pia atafute robo saa hiyo. Kaa barazani mvua ikinyesha, simu ukiiacha ndani. Ikikatika, tembea polepole chini ya miti. Sikiliza maji yanavyodondoka kwenye majani, tazama kumbikumbi wanavyotoka, hesabu aina za uyoga ulizoziona bila kung'oa hata mmoja. Mtoto anayetembea nawe atauliza maswali mengi kuliko anayotaka kuuliza akiwa mbele ya televisheni.

Uyoga unafanya nini pale chini ya mti

Unachokiona juu ya ardhi ni kama tunda tu. Mwili wenyewe wa uyoga ni nyuzi nyembamba zilizotandaa udongoni, wakati mwingine kwa mita nyingi. Katika miombo, aina nyingi za uyoga zimefunga ndoa na miti. Nyuzi zake huizunguka mizizi midogo ya mti, huutafutia maji na madini ya fosforasi, na mti nao huzilipa kwa sukari uliyoitengeneza majanini. Ndiyo maana uyoga fulani utaukuta chini ya mti fulani kila mwaka. Ukiukata mti huo kwa mkaa, uyoga wake nao huondoka, na kupanda mti wa kigeni mahali pale hakuurudishi.

Uyoga wa kwenye vichuguu una mwenza mwingine. Huo hulimwa na mchwa. Ndani ya kichuguu mchwa hutengeneza bustani ya mabaki ya majani na miti waliyoyatafuna, na kuvu huota humo na kuyalainisha yawe chakula chao. Mvua zikija, kuvu hutoa uyoga hadi juu ya ardhi. Aina moja ya jamii hii, iliyoandikwa kitaalamu mwaka 1980 kutoka kwa majirani zetu wa Zambia, inaweza kuwa na kofia yenye upana unaokaribia mita moja. Ni miongoni mwa uyoga mkubwa kuliko wote unaoliwa duniani.

Nayaeleza haya ili uone kwamba kichaka kile kidogo nyuma ya nyumba si uchafu wa kufyekwa. Ni bustani inayojilima yenyewe, mradi usiichome moto na usiikate yote.

Kwenye sahani kuna nini

Watu huuita uyoga nyama ya maskini. Kuna ukweli ndani yake, lakini si wote. Uyoga mbichi ni maji kwa takriban asilimia 90. Gramu 100 za uyoga mbichi zina protini kama gramu tatu, wakati yai moja lina kama sita. Ukikaushwa, maji yakaondoka, protini hupanda hadi kati ya moja ya tano na theluthi ya uzito wake, kutegemea aina. Ndiyo maana uyoga mkavu uliosagwa ukachanganywa kwenye mchuzi wa karanga au mboga za majani unaongeza lishe vizuri.

Uyoga una vitamini za kundi B, hasa B2 na B3, una potasiamu na madini ya shaba, una nyuzinyuzi nyingi na mafuta kidogo. Kwa mwenye kisukari au anayetaka kupunguza uzito, ni mboga nzuri, mradi usiukaange ukielea kwenye mafuta. Lakini hauna vitamini B12 ya kutosha, na hauwezi kushika nafasi ya dagaa, maharage, mayai au nyama kwa mama mjamzito na mtoto mdogo. Uwe nyongeza, usiwe mbadala.

Lipo jambo moja ambalo wengi hawalijui. Uyoga ukiwekwa juani hutengeneza vitamini D, kama ngozi yako inavyofanya. Ukate vipande, uutandaze kwenye ungo, sehemu ya chini ya kofia ikitazama juu, kisha uuache kwenye jua la mchana kwa muda wa saa moja hivi kabla ya kuupika au kuendelea kuukausha.

Usile uyoga wa porini ukiwa mbichi, hata ule unaojulikana kuwa mzuri. Upike uive vizuri, siku ile ile uliouchuma. Usiufungie kwenye mfuko wa plastiki, kwa sababu huvuja jasho na kuoza haraka, na uyoga mzuri ulioharibika unaweza kukuumiza tumbo kama ulio na sumu. Kikapu ndicho chombo chake. Kuna pia aina fulani ambazo ukizila na pombe, iwe siku hiyo au hata siku chache baadaye, moyo hukimbia, uso huwaka na unatapika. Kwa hiyo siku za uyoga wa porini, glasi iache.

Sumu inayokuja kimyakimya

Sasa tuje kwenye lile nililotaka ulishike. Sumu za uyoga ni za aina nyingi, lakini kwa daktari zigawe katika makundi mawili kwa kutumia saa ya ukutani.

Kundi la kwanza ni zile zinazoanza mapema, ndani ya nusu saa hadi saa chache baada ya kula. Unatapika, unaharisha, tumbo linakata, wengine wanatokwa jasho na mate mengi au wanaona maruweruwe. Uyoga mmoja mkubwa mweupe unaopenda kuota kwenye majani ya uwanja wa nyumba, ambao ukikomaa sehemu ya chini ya kofia yake hugeuka kijani, ni wa kundi hili. Ni mateso, na mtoto anaweza kukaukiwa maji mwilini hadi hatari, lakini wengi hupona wakipata maji na huduma.

Kundi la pili ndilo linalojaza makaburi. Sumu yake kuu huitwa amatoksini, na hupatikana katika baadhi ya uyoga wa jamii ya Amanita, pamoja na jamii nyingine chache. Ukiula, hausikii lolote. Ladha yake, kwa maelezo ya walionusurika, ni nzuri. Sumu inafyonzwa taratibu, inaingia kwenye ini na kuzuia chembe hai za ini kutengeneza protini zinazozihitaji kuishi. Dalili huanza saa sita hadi 24 baada ya kula.

Chukua mfano huu. Familia imekula ugali na uyoga saa mbili usiku. Wote wamelala salama. Saa kumi alfajiri mtoto anaanza kutapika na kuharisha maji, na asubuhi mama naye anaanza. Jirani akiulizia uyoga, jibu ni: "Hapana, ule tulikula jana, na tulilala vizuri. Ungekuwa na sumu tungejua pale pale." Hapo ndipo hesabu inapogeuzwa kichwa chini. Toka saa mbili usiku hadi saa kumi alfajiri ni muda wa saa nane. Kuchelewa huko hakuuondolei uyoga lawama. Kunautia hatiani zaidi.

Kisha unakuja mtego wa pili. Baada ya siku moja au mbili kutapika kunakoma. Mtoto anaomba uji, anakaa, anacheka. Familia inashukuru Mungu, na safari ya hospitali inaahirishwa. Kumbe ini linaendelea kufa ndani kwa ndani. Siku ya tatu au ya nne macho yanageuka njano, mgonjwa analala kupita kiasi, anaongea visivyoeleweka, anatoka damu kwenye fizi au puani, na mkojo unapungua kwa kuwa figo nazo zimeguswa. Akifikishwa hospitali wakati huo, mara nyingi tunakuwa tumebakiwa na njia chache sana.

Kofia moja ya uyoga mkali wa jamii hii inaweza kumuua mtu mzima. Mtoto mwenye kilo 12 anahitaji kidogo zaidi ya hapo, kwa sababu sumu huhesabiwa kwa uzito wa mwili. Ndiyo maana katika familia iliyokula chungu kimoja, mtoto ndiye hutangulia kuzidiwa.

Imani ambazo hazina ukweli

Zipo kanuni zinazosemwa jikoni kwa uhakika mkubwa. Nitazitaja moja moja.

"Ukichemsha na kumwaga maji ya kwanza sumu inatoka." Si kweli kwa amatoksini. Haivunjwi na moto, haivunjwi kwa kukaushwa juani, wala haivunjwi kwenye friji.

"Weka kitunguu au kijiko, kikibadilika rangi ujue una sumu." Hakuna kijiko wala kitunguu kinachoitambua sumu hii.

"Uyoga ulioliwa na konokono, mbuzi au wadudu ni salama." Konokono na wadudu hula uyoga wenye sumu bila kudhurika. Miili yao si kama yetu.

"Wenye sumu ni mchungu au una rangi kali." Baadhi ya uyoga unaoua ni mweupe, msafi, wenye ladha nzuri.

"Ukinywa maziwa sumu inakatika." Maziwa hayakati sumu ya uyoga. Yanachofanya ni kuipa familia matumaini ya uongo na kuipotezea muda.

Bibi anayejua, na mgeni asiyejua

Je, basi tuache uyoga wa porini? Hapana. Watu wa maeneo ya miombo wamekula uyoga kwa vizazi vingi, na ujuzi wao ni elimu kamili. Mtaalamu wa uyoga kutoka Finland, Marja Härkönen, akiwa na wenzake Tuomo Niemelä na Leonard Mwasumbi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walizunguka nchini wakiwauliza wanavijiji na kukusanya vielelezo, na mwaka 2003 kikachapishwa kitabu kizima kuhusu uyoga wa Tanzania. Sehemu kubwa ya maarifa hayo ilikuwa kwa akina mama na bibi, waliojifunza kwa mama zao, kikapu mkononi.

Lakini ujuzi huo una mipaka: ni wa mahali. Jamii ile ile ya Amanita ina ndugu wanaoua na ndugu wanaoliwa. Uyoga mmoja wa jamii hiyo huliwa sana Zambia na umepewa hata jina la kisayansi la nchi hiyo, Amanita zambiana. Bibi aliyezaliwa hapa anautofautisha kwa macho, pua na vidole. Aliyekuja juzi kutoka mkoa mwingine anaona kofia nyeupe inayofanana na aliyoila kwao.

Hilo si la Songwe peke yake. Mwaka 2015 hospitali nchini Ujerumani zilipokea wakimbizi, wengi wao kutoka Syria, waliokula uyoga hatari uitwao Amanita phalloides, kwa sababu ulifanana na unaoliwa kwao. Ilibidi matangazo ya onyo yatolewe kwa lugha zao. Wilaya yetu nayo ina wageni wengi, wakiwemo wachimbaji wadogo wa dhahabu, wakulima na wafugaji waliofuata ardhi. Kama wewe ni mmoja wao, usichume kwa kumbukumbu ya kwenu. Mwombe mama wa hapa akufundishe. Na kama wewe ndiye mwenyeji, usimwache jirani mgeni apike asichokijua.

Kuna alama moja ya kukufanya usimame. Uyoga wenye mfuko au kikombe kwenye kitako chake, pete shingoni, na vipindo vyeupe chini ya kofia, uache kabisa kama hakuna mjuzi aliyeuthibitisha. Kikombe hicho mara nyingi hujificha udongoni, kwa hiyo anayekata shina kwa kisu juu juu hataki tu kukiona. Fukua uyoga wote hadi kitako. Hata hivyo, kukosa alama hizo si cheti cha usalama. Wala picha ya simu, wala makala hii, haitoshi kukuruhusu kuuweka uyoga chunguni.

Usichume kila mahali

Uyoga hufyonza kilichomo udongoni, kizuri na kibaya. Hukusanya madini mazito kama zebaki, risasi na kadimiamu. Katika maeneo ya uchimbaji mdogo wa dhahabu, zebaki hutumika kukamatia dhahabu, na mabaki yake hubaki kwenye udongo na maji. Zebaki huharibu ubongo wa mtoto aliye tumboni na kudhuru figo na mishipa ya fahamu ya mtu mzima. Basi usichume uyoga karibu na maeneo ya kuoshea au kuchomea dhahabu, kando ya barabara kuu yenye magari mengi, kwenye majalala, wala pembeni mwa mashamba yaliyopuliziwa dawa. Hapa hata uyoga ambao bibi anaujua vizuri unaweza kukudhuru, kwa sababu ubaya hautoki kwenye uyoga, umetoka ardhini.

Ukishakula na mtu akaugua

Kata huu upande wa gazeti uubandike jikoni kama utapenda.

Kwanza, hesabu saa. Uliza mlikula uyoga lini katika siku mbili zilizopita, na kutapika kumeanza lini. Ikiwa muda wa saa sita au zaidi umepita kati ya mlo na dalili, ichukulie kuwa ni dharura ya ini hadi daktari aseme vinginevyo. Dalili zikianza mapema pia nenda, kwa kuwa huenda chungu kilikuwa na aina zaidi ya moja.

Pili, nendeni wote mliokula, pamoja na ambao hawajaanza kuumwa.

Tatu, beba mabaki. Uyoga mbichi uliobaki, maganda, hata chakula chenyewe. Funga kwenye karatasi. Ndiyo maana nashauri kila unapopika uyoga wa porini, ubakize mmoja mzima pembeni hadi siku ya pili ipite salama.

Nne, sema neno "uyoga" mapema, mapokezi. Kutapika na kuharisha kunafanana na kipindupindu, malaria ya mtoto na chakula kilichochacha, na mhudumu asiyeambiwa atatibu anachokiona.

Tano, usimtapishe mgonjwa kwa nguvu, usimpe mafuta, wala mkaa wa jikoni. Anayeweza kunywa apewe maji ya ORS kidogo kidogo njiani. Hospitali tuna mkaa wa dawa, ambao huweza kurudiwa kwa sababu sumu hii hutoka kwenye ini na nyongo, ikarudi tumboni na kufyonzwa upya. Tuna maji ya mshipani, na kuna dawa zinazosaidia kulilinda ini zikianza mapema, mojawapo ikiwa asetilisisteini, ile tunayompa mtu aliyezidisha paracetamol.

Sita, usidanganyike na nafuu. Kutapika kukikoma siku ya pili, mgonjwa bado anahitaji vipimo vya ini kwa siku kadhaa. Ukiwa Mbangala, kumbuka safari ya kwenda Mkwajuni, na pengine kuendelea hadi Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya, hula muda, na masika huzifanya barabara kuwa ngumu. Saa zilizopotea nyumbani hazirudishwi na dereva.

Kama hutaki wasiwasi, lima mamama

Kwa anayependa uyoga lakini hana bibi wa kumwonyesha, kuna njia rahisi. Uyoga aina ya mamama hulimwa nyumbani bila shamba. Unahitaji mbegu kutoka kwa mzalishaji anayeaminika, majani makavu ya mpunga au mabua ya mahindi yaliyokatwakatwa, maji ya moto ya kuua vimelea, mifuko, na chumba chenye giza na unyevu. Baada ya wiki tatu au nne hivi, ukitunza vizuri, unaanza kuvuna. Mfuko mmoja huvunwa zaidi ya mara moja, na mabaki yake ni mbolea ya bustani. Unajua umekula nini, na ziada inauzika.

Kabla hujatoka kwenye mvua

Furaha ya kichaka cha nyuma ya nyumba inahitaji tahadhari chache tu. Ukisikia ngurumo, usikae chini ya mti. Ingia ndani na usubiri nusu saa tangu ngurumo ya mwisho. Mvishe mtoto buti za mvua. Zitamkinga na safura, minyoo inayopenya ngozi ya nyayo kwenye udongo wenye unyevu na kumnyonya damu hadi akapauka, na pia dhidi ya nyoka, nge na tandu waliohamishwa na maji. Usipekue majani kwa mkono, tumia fimbo. Akiumwa na nyoka, usichanje wala usifunge kwa kamba, mtulize na umpeleke hospitali. Mwaga maji yaliyotuama kwenye makopo na magurudumu, na usiku mlale ndani ya chandarua chenye dawa, kwa sababu mbu wa malaria nao wanaisherehekea mvua.

Mfundishe mtoto kanuni moja ya uyoga: kutazama ruksa, kuonja marufuku, na akiuona amwite mkubwa. Akikua, mpeleke kwa bibi anayejua akajifunze, kabla bibi huyo hajaondoka na maarifa yake. Na chungu kikishaepuliwa, kabla hamjaanza kula, itazameni saa mkumbuke mmekula saa ngapi.